Mfugaji, kagua chombo cha maji kabla ya kulaumu ugonjwa

MFUGAJI anafungua banda alfajiri na kukuta vifaranga watatu wamelala ubavu kando ya beseni la maji, manyoya yamegandamana mwilini. Wanne wengine wamejikunyata chini ya taa, wanalia. Siku ya pili wanakufa wawili, siku ya tatu mmoja. Anakimbilia duka la dawa za mifugo, anaeleza kwamba vifaranga wameingiwa na ugonjwa, anauziwa dawa na kuichanganya katika beseni lile lile. Vifo vinaendelea.

Kisa cha namna hii huwakuta wengi wanaoanza ufugaji wa kuku, wawe wa mayai, wa nyama, wa kienyeji au chotara kama Sasso na Kuroiler. Mara nyingi hapakuwa na ugonjwa wowote siku ya kwanza. Kilichokuwapo ni beseni pana lililojazwa maji hadi juu, ambalo vifaranga hulirukia na kusukumana ukingoni. Anayeteleza ndani hukuta ukuta laini usioshikika, hawezi kutoka.

Chombo cha maji ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa bandani, na labda ndiyo sababu hufikiriwa mwisho. Mfugaji hununua vifaranga, chakula, taa, maranda na chanjo, kisha jioni vifaranga wanapofika huingia jikoni kuchukua sufuria au sahani yoyote iliyo karibu. Hapo ndipo hasara huanzia.

Hasara si ya kifaranga mmoja tu

Tuseme mfugaji amenunua vifaranga 100 kwa Sh2,000 kila mmoja. Akipoteza 12 katika wiki ya kwanza, ataona amepoteza Sh24,000. Lakini hesabu kamili ni kubwa zaidi. Kama kila kuku angeuzwa Sh15,000 baada ya kukua, mauzo yaliyopotea ni Sh180,000 kabla ya kutoa gharama za chakula na chanjo. Banda, taa na muda wa kuhudumia ni vile vile, awe na kuku 100 au 88.

Kuna pia hasara isiyoonekana. Vifaranga waliolowa wakanusurika hudumaa, huchelewa kufikia uzito wa soko na hula chakula kingi zaidi kabla ya kuuzwa. Mfugaji anayefuga kwa mkopo au kwa fedha za kikundi hulihisi hilo siku ya marejesho.

Kwa nini maji kidogo tu humuua kifaranga

Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kuku mkubwa. Amevikwa malaika laini ambayo humkinga na baridi yakiwa makavu tu. Aidha, katika wiki mbili za mwanzo mwili wake hauna uwezo wa kutosha wa kujipatia joto. Ndiyo maana sehemu ya kulelea hupashwa joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi katika siku za mwanzo, kisha hupunguzwa takriban nyuzi tatu kila wiki kadiri manyoya yanavyoota.

Malaika yakilowa, joto hutoka mwilini haraka. Kifaranga huacha kula na kunywa, hujibanza kwa wenzake na anaweza kufa kwa baridi hata kama hakuzama. Kwa hiyo mfugaji asijidanganye kwamba chombo chake ni salama kwa kuwa hakuna aliyekutwa ndani ya maji. Aliyelowa saa mbili usiku hufa alfajiri, mbali na chombo.

Hatari ya pili ni unyevu wa maranda. Maji yanayomwagika huchanganyika na kinyesi, na harufu kali inayowasha macho na pua hutanda bandani. Vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao wataalamu huuita koksidiosisi, hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza. Vikipata joto, hewa na unyevu, huiva kwa siku moja au mbili hivi, na kuku wanaodonoa maranda hayo huvimeza. Ugonjwa huu huwasumbua zaidi kuku wa umri wa wiki tatu hadi sita, muda mrefu baada ya mfugaji kusahau beseni lililokuwa likivuja.

Hata hivyo, dawa ya matatizo hayo si kuwapunguzia maji. Karibu robo tatu ya uzito wa kifaranga ni maji, na kwa kawaida kuku hunywa maji yenye uzito wa mara moja na nusu hadi mbili ya chakula anachokula. Wakati wa joto, kama ule wa Dar es Salaam na Tanga mwezi wa pili, hunywa zaidi ya hapo. Kifaranga asiyepata maji hali chakula, na asiyekula hakui. Kinachotakiwa ni maji ya kutosha katika chombo kisichomruhusu kuingia.

Kanuni moja ya kukumbuka

Mtu anayechagua chombo dukani au anayetengeneza nyumbani anaweza kutumia kipimo kimoja chepesi: mdomo uingie, mguu usiingie. Chombo kinachopitisha mdomo na kichwa pekee humlinda kifaranga asizame, humlinda asilowe, huyalinda maji yasichafuliwe kwa kinyesi na huyalinda maranda yasilowane. Kasoro ikitokea katika moja kati ya hayo, huanzia hapo.

Vyombo vinavyouzwa katika maduka ya pembejeo, vile vyenye kikombe kilichofunikwa juu ya sahani yenye mfereji, vimetengenezwa kwa kanuni hiyo. Mnunuzi asiangalie rangi na bei pekee. Apime mfereji kwa vidole: kwa vifaranga wa siku za mwanzo, upana wa sentimita mbili hadi tatu unatosha. Ukiwa mpana kama kiganja, kifaranga atasimama ndani. Kisha akijaze maji pale pale dukani, akiweke mahali tambarare na kusubiri. Maji yanayoendelea kupanda hadi kumwagika yanaonyesha kwamba chombo kinavuta hewa mahali pasipotakiwa.

Sahani ya nyumbani nayo inafaa

Asiye na fedha ya kununua chombo cha dukani leo hana sababu ya kuwaweka vifaranga hatarini. Kisahani au bakuli lenye kina kifupi linaweza kutumika kwa siku chache likiwekewa kokoto safi. Kokoto ziwe kubwa kiasi cha kutoweza kumezwa, zioshwe vizuri, na zijazwe mpaka maji yabaki katika nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe. Kifaranga atakayepanda juu atakanyaga jiwe. Gololi za watoto hufanya kazi hiyo hiyo.

Njia nyingine ni kuweka kopo safi lililojazwa mchanga na kufunikwa vizuri, au jiwe zito lililooshwa, katikati ya sahani pana, ili ubaki mfereji mwembamba pembeni. Uzito huo pia huzuia sahani isipinduliwe. Kasoro ya njia zote mbili ni kwamba maji huisha haraka na kokoto hushika uchafu. Ni lazima maji yaongezwe mara kwa mara na mawe yaoshwe kila siku.

Kutengeneza chombo kinachojijaza

Chombo bora zaidi cha nyumbani ni kile kinachotoa maji yenyewe kadiri yanavyonywewa. Vinavyohitajika ni dumu dogo la plastiki la lita mbili hadi tano lenye kifuniko kinachobana, sahani ya plastiki yenye ukuta wa sentimita tatu hadi nne, na msumari. Dumu liwe lilikuwa na maji, juisi au mafuta ya kula. Lililowahi kuwa na dawa ya kuua wadudu, dawa ya magugu, dawa ya kuogeshea mifugo, rangi au mafuta ya gari lisitumike hata likioshwa mara kumi, kwa kuwa sumu huweza kubaki ndani ya plastiki.

Kwanza, simamisha dumu katikati ya sahani. Nafasi inayobaki kati ya dumu na ukuta wa sahani iwe sentimita mbili hadi tatu kuzunguka pande zote. Kama ni pana zaidi, tafuta sahani ndogo au dumu nene.

Pili, weka alama ubavuni mwa dumu, sentimita mbili hivi kutoka chini. Alama hiyo lazima iwe chini ya ukingo wa sahani kwa angalau sentimita moja. Hili ndilo jambo linalokosewa na wengi. Maji husimama kwenye usawa wa tundu, kwa hiyo tundu likiwa juu ya ukingo, maji yote yatamwagika kwenye maranda.

Tatu, toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto, kisha ulipanue hadi litoshee ncha ya kidole kidogo. Tundu dogo mno hukwama kwa kuwa hewa haipati njia ya kuingia. Lainisha kingo za tundu na za sahani ili zisikwaruze.

Nne, ziba tundu kwa kidole, jaza maji, funga kifuniko kwa nguvu, weka dumu ndani ya sahani na uachie. Maji yatatoka huku mapovu ya hewa yakipanda ndani ya dumu, na yatasimama yenyewe mara yanapolifunika tundu. Vifaranga wakinywa na tundu kufunuka, hewa huingia tena na maji hutoka kidogo. Siri yote imo katika kifuniko: kikipitisha hewa, maji hayatasimama.

Tano, kijaribu chombo nje ya banda kwa saa kadhaa kabla ya kukiingiza kwa vifaranga. Kama maji hayasimami, kagua kifuniko, nyufa za dumu na unyoofu wa mahali kilipowekwa.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya hata mafundi. Chombo kilichofanya kazi vizuri uani hufurika kikiwekwa karibu na jiko la mkaa au juani. Sababu ni kwamba hewa iliyo ndani ya dumu hutanuka ikipata joto na kuyasukuma maji nje. Chombo kiwekwe ndani ya eneo la vifaranga, lakini si ubavuni mwa jiko wala chini kabisa ya taa. Vile vile chupa nyepesi inayobonyea ikishikwa haifai, kwa sababu kila inapobanwa humwaga maji.

Udongo, bati au plastiki?

Plastiki ni nyepesi na husafishika kwa urahisi, lakini hupasuka ikikaa juani, na inayopitisha mwanga huota ukijani wa mwani. Ikae kivulini.

Chombo cha bati hushika kutu. Bati lililopakwa zinki linaweza kuharibu chanjo na baadhi ya dawa zinazochanganywa katika maji. Siku ya chanjo ya maji, mfugaji atumie plastiki.

Chombo cha udongo kina sifa mbili kubwa: ni kizito, hakipinduliwi ovyo, na hupoza maji kwa kuwa unyevu hupenya ukutani na kukauka kwa hewa. Kwa kuku wakubwa katika maeneo ya joto hiyo ni faida. Udhaifu wake ni vile vinyweleo, ambavyo hushika uchafu pia. Kisuguliwe kwa brashi na kianikwe juani kikauke kabisa, na ni vizuri kuwa na viwili vya kupokezana.

Matairi yaliyokatwa, ambayo hutumiwa na baadhi ya wafugaji, yana mkunjo wa ndani usiofikiwa na brashi. Hayafai kwa vifaranga.

Wenye mitaji mikubwa siku hizi hufunga mabomba yenye chuchu, ambazo kuku huzidonoa na kupata matone. Maji hayachafuki na maranda hubaki makavu. Lakini chuchu huziba kwa maji yenye tope, na ikiziba hakuna anayejua mpaka kuku waanze kudhoofika. Anayezitumia azibonyeze moja moja kila siku kuhakikisha zinatoa maji.

Idadi na kimo

Vifaranga 100 wanahitaji angalau vyombo viwili vya lita nne, vikiwekwa pande tofauti. Katika wiki ya kwanza wanaweza kunywa lita mbili au tatu tu kwa siku, lakini chombo kimoja huleta msongamano na wanyonge hukosa nafasi. Sahani yenye upana wa sentimita 20 ina mzunguko wa karibu sentimita 63, yaani sentimita moja na kidogo kwa kila kifaranga iwapo wako 50. Kwa kuwa hawanywi wote kwa wakati mmoja, inatosha.

Saa chache kabla ya vifaranga kufika, vyombo vijazwe na kuwekwa katika sehemu ya kulelea ili maji yapoteze ubaridi. Vifaranga kadhaa wachovywe ncha ya mdomo taratibu, wenzao wataiga. Chombo kikae juu ya ubao tambarare au kigae, si juu ya maranda, la sivyo kitajaa uchafu ndani ya dakika chache.

Kuanzia wiki ya pili kiinuliwe kwa matofali au vipande vya mbao, ili ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kifaranga. Kuku hukua kila wiki, hivyo kimo nacho kirekebishwe kila wiki. Mfereji ule wa sentimita mbili utakuwa mwembamba kwa kuku mkubwa, kwa hiyo vyombo vibadilishwe kabla hawajaanza kuvisukuma.

Kwa kuku wa kienyeji wanaolelewa na mama, adui ni miguu ya mama mwenyewe. Anapochakura huipindua sahani au kuijaza mchanga. Sahani nzito yenye jiwe katikati, ikiwekwa juu ya tofali pana, itasaidia. Vifaranga wa kanga wanahitaji uangalifu zaidi kwa kuwa ni wadogo na huzama kwa urahisi. Bata nao watengwe, kwani huchafua maji na kulowesha sakafu.

Usafi na siku ya chanjo

Utelezi unaohisiwa kwa kidole ndani ya chombo ni makazi ya vijidudu. Kuongeza maji mapya juu ya ya jana hakuuondoi. Chombo kisuguliwe kwa sabuni kila siku, kisuuzwe na kukaushwa juani. Maji yasiyo safi na salama yatibiwe kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, baada ya kuchujwa.

Klorini hiyo hiyo, hata hivyo, huua chanjo hai kama za gumboro na mdondo zinapotolewa kwa maji. Isimamishwe siku moja au mbili kabla, na siku ya chanjo vyombo vioshwe kwa maji matupu bila sabuni wala dawa. Yatumike maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi. Wataalamu hushauri pia kuchanganya gramu mbili na nusu hivi za maziwa ya unga yasiyo na mafuta katika kila lita ili kuilinda chanjo. Kuku wanyimwe maji kwa saa moja au mbili, kisha wapewe maji yenye chanjo kivulini, yamalizike ndani ya saa mbili. Vyombo viwe vingi siku hiyo: asiyepata nafasi ya kunywa hajachanjwa.

Kwa wenye kuku wachache, chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), hutolewa kwa tone la jicho, njia ambayo huhakikisha kila kuku amepata.

Biashara iliyo wazi

Ufugaji wa kuku unapopanuka mijini na vijijini, mahitaji ya vyombo vya maji hupanuka nao. Fundi mwenye misumari na madumu safi anaweza kutengeneza vyombo na kuviuza karibu na wanakouza vifaranga. Wafinyanzi nao, kama akina mama wa Kikisi wa Ikombe wilayani Kyela ambao vyungu vyao husifika, wanaweza kufinyanga sahani zenye kitako kipana, mfereji mwembamba na kinundu katikati. Mahitaji ni yale yale: mdomo uingie, mguu usiingie. Muuzaji anayekijaza chombo maji mbele ya mteja na kumwachia akiangalie kwa dakika kumi hatahitaji maneno mengi.

Kwa mfugaji, kazi ya jioni hii ni nyepesi. Aingie bandani, apige goti hadi macho yake yafikie kimo cha vifaranga, na aangalie wanavyokunywa kwa muda wa robo saa. Aguse maranda yaliyo kando ya chombo kwa kiganja. Yakiwa makavu na hakuna kifaranga mwenye kifua kilicholowa, chombo ni salama. Kama vifo vitaendelea, huo ndio wakati wa kumwita mtaalamu wa mifugo, badala ya kununua dawa kwa kubahatisha.